Kopo la Mbegu za Karoti

"Nilikukopesha karoti, wifi, umenilipa mizizi ya mtaroni!"

Kisu alibwaga fungu zima juu ya meza ya kaka yake, udongo ukarukia vikombe. Karoti karibu zote zilikuwa nyeupe pe, kama zimetoka kuugua.

Wifi yake, mke wa huyo kaka, hakuinuka. "Kwani mimi ndiye niliyezipaka chokaa? Nilichagua karoti nzuri, nikazipanda tena, zikachanua, nikakuvunia mbegu. Nilikurudishia kopo limejaa, hata asante sikuisikia. Leo unakuja kunichafulia meza!"

Jina la Kisu alibandikwa kazini, kwenye shamba la kuzalisha mbegu. Kazi yake ilikuwa kukata ncha ya kila karoti na kuutazama moyo wake kabla haijarudishwa ardhini ichanue. Yenye moyo uliopauka aliitupa ndooni bila huruma. Mkono wake ulikuwa mkali, na mdomo ndio usiseme. Nyumbani alikuwa na karoti zake, alizoachiwa na marehemu mama yake, zenye rangi ya chungwa iliyokolea mpaka ndani. Wifi alipoomba kopo moja alimpa, kwa sharti la mama: mbegu hulipwa kwa mbegu. Bahati mbaya, zile zilizobaki kwake ziliingiwa na unyevu, zikaota ukungu. Kopo lililorudi ndilo lililokuwa urithi wote, naye alilimwaga lote kwenye tuta.

"Ulizichanuishia wapi?"

"Nyuma ya nyumba, kando ya mtaro. Pazuri, maua meupe tele, nyuki kibao."

Kisu akashika kiuno. "Hayo maua ni karoti mwitu, mama wee! Umewaozesha binti zangu kwa wahuni!"

"Ungeniambia. Ulinipa kopo, hukunipa maelezo."

Kisu aligeuka, akaondoka.

Kesho yake alikata karoti za watu uso umemvimba, mpaka mtaalamu wa mbegu, mama mmoja asiyevua buti za matope, akamuuliza nani kafa. Kisu akamweleza.

"Zimetoka nyeupe zote?"

"Zipo chache zenye rangi yake. Lakini nani ataziamini? Si za kopo lile lile?"

"Hizo ndizo za kuamini, dada. Kila karoti hurithi rangi kwa baba na kwa mama. Weupe wa karoti mwitu ni mbabe: ukitoka kwa mzazi mmoja tu, unatawala, rangi ya chungwa inajikunyata ndani. Kwa hiyo nyeupe inaweza kuificha rangi ya chungwa. Lakini rangi ya chungwa haina ubavu wa kuuficha weupe."

Kisu aliacha kukata. "Yaani iliyotoka na rangi yake…"

"Imeipata pande zote mbili. Mtaro haukuigusa."

Jioni alikuta wifi yake, aliyekuwa amemwita kwa simu, ameshafika kwenye tuta, amenuna, jembe begani. Hawakusalimiana. Mmoja alichimba, mwingine akakata. Nyeupe zilikwenda kwa sungura. Kila ilipotokea yenye rangi, Kisu aliikata ncha na kuisogeza kwenye mwanga. Moyo ulikuwa ule ule wa mama, umekolea. Mwishowe zilikaa zote kwenye ungo mmoja, na ungo haukujaa.

"Zinatosha kuanzia?" wifi aliuliza, sauti imeshuka.

"Zitatosha, ila zichanue ndani ya chandarua, nyuki wa mtaroni wasizione; chavua tutazipaka wenyewe kwa mkono. Unacho?"

"Cha kitandani kwetu."

"Lete. Kaka akiumwa na mbu, mwambie ni mimi niliyetaka."

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akatazama chini. "Na deni langu?"

"Umeshalipa. Zilikuwa humo humo kwenye kopo, macho yangu tu yalikuwa kwenye nyeupe."

"Na vikombe vyangu?"

"Ah, vikombe," alisema Kisu, akipangusa kisu chake kwenye kanga. "Twende nikavioshe."