Nilivyoponywa ulemavu ambao sikuwahi kuwa nao

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu akipita humu atawathibitishia, tena kwa furaha.

Mimi ni Mkenya, nina kaduka ka printing hapa Wandegeya. Kanisani naimba besi na kufundisha Sunday school. Imani ninayo, ila wanafunzi wa chuo, ndio wateja wangu, wakienda likizo na duka likinuna, huwa inayumba kidogo.

Likizo moja akaingia jamaa wa suti nyeupe, akajitambulisha kuwa nabii. Alitaka posters za mkutano wake, akaahidi kwamba nikimfurahisha, kazi zake zote za mwaka ni zangu.

Tatizo hakuwa na picha ya mtu aliyeponywa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema uso wangu una ushuhuda.

Nilijiambia haya ni matangazo tu, kama wale wanaotabasamu kwenye pakiti za sabuni.

Tukaazima magongo, nikapigwa picha nimeyainua juu. Chini nika-type mwenyewe: KIWETE MIAKA KUMI NA MIWILI, SASA ANATEMBEA.

Wakuu, wiki ile mji mzima uliniona. Nateete sokoni muuza nyanya alinifinya mguu kama anachagua parachichi. Pastor wangu akauliza nilikuwa kiwete lini, maana juzi tu nilidakia timu ya kanisa. Mama, picha ilipomfikia kwa simu, akapiga kutoka nyumbani Kenya analia, kwamba nimelemaa miaka yote hiyo na sijamwambia.

Mimi nacheka tu. Dili lilikuwa linanona.

Kisha akaja Mama Apio, mjane wa askari, fundi cherehani wa kule Mulago. Alikuja kwa magongo, na haya hayakuwa ya kuazima. Alinikuta juu ya stuli nabadilisha balbu. Machozi ya furaha yakamtoka.

"Mutoto yangu, kumbe ni kweli," akasema. "Kesho nauza cherehani, nabii anataka mbegu, ile sadaka ya mbele, ndiyo aniombee. Nilitaka kuona miguu yako kwanza."

Nilishuka polepole. Nilitamani sana kunyamaza.

"Mama, sijawahi kuwa kiwete hata siku moja," nikamwambia. "Usiuze cherehani."

Akakaa kwenye ile stuli. Mimi nayapigia hesabu yale magongo, lipi litanifikia kwanza.

Mwishowe akasema taratibu, "Kama unatembea, basi tembea. Toa hiyo mapicha yote."

Nilitembea, wakuu. Kutoka Wandegeya hadi Nateete, najichana uso mwenyewe ukutani huku watu wakinishangaa. Wengine waliniambia nimelaaniwa.

Nabii alihamishia kazi kwingine. Nasikia huwa anahubiri kwamba nilirudi nyuma kiimani na miguu ikakataa tena.

Nilichojifunza: nilikuwa najiandaa kukataa dhambi kubwa, ile inayokuja na pembe. Hii ilikuja kama mteja, nikaipa kiti.

Mama Apio bado anashona. Nikimpelekea suruali, ananiambia nitembee kwanza aone.

Mlio kwenye biashara, mteja kama huyu mngemjibu nini likizo ikiwa imekaza? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu.