Kidole Kilichosubiri Umeme

Mtaalamu wetu wa maabara, hapa chuoni Dodoma, hujifunga kanga kiunoni, na ncha ya pili huifunga kwenye nondo ya dirisha. Akishavaa miwani ya kompyuta, ile inayoziba macho yote, haoni chumba tena; anaona nyota zilizo jirani na Jua zimemzunguka pande zote, na wiki ya kwanza alizifuata mpaka akagonga ukuta. Sasa kanga ikikaza, anasimama. Kabla ya kuivaa miwani huifuta vumbi kwa pindo la kanga hiyohiyo, mara tatu, hata siku isiyo na upepo. Anatafuta nyota changa. Zilizozaliwa pamoja bado hazijaachana, zinakwenda njia moja kwa mwendo mmoja, naye huchuchumaa akazichungulia kwa nyuma, huku akiguna.

Jumanne alinyoosha kidole juu. "Bwana Harithi, hii haimo kwenye orodha yetu. Inaandamana na wenzake."

Kabla sijaandika namba yake, umeme ukakatika.

"Keti, Dada," nikamwambia.

"Nikiketi nitaipoteza."

Akabaki vilevile ndani ya giza la miwani, mkono wa kushoto ukiubeba wa kulia, dakika arobaini. Mimi nilikunywa chai nikaimaliza. Umeme uliporudi, nyota ilikuwa palepale mbele ya kidole chake. Akaitazama ikienda, ikiwapita wale wenzake, akaizunguka mpaka kanga ikakaza.

"Usiiandike," akasema. "Huyu si wa kwao. Anapita tu."

Akasugua bega, akanyoosha kidole kwingine.