Nani Alishona Mapazia ya Miyuji

Mapazia ya nyumba yetu ya Miyuji sikuyashona mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya mawifi zangu na mbele ya wanawake wenzangu wa ofisini, na kwa jirani mmoja nilikwenda mbali zaidi: nilimwahidi kumfundisha. Leo nasema kweli. Mimi nilishona mkanda mmoja tu, wa kufungia pazia la chumba cha watoto, nao ulikuwa umepinda.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulijikuta tumesimama mbele ya majora ya vitambaa vya Dubai, tumeduwaa, hatujui tuanzie wapi. Mshahara wa serikali, hata hivyo, ulikuwa bado haujapata habari za mabadiliko hayo. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na madirisha manane makubwa, na upepo wa Dodoma hauna adabu: unaingia bila hodi na kukuachia vumbi hadi ndani ya kikombe. Madirishani tulitundika kanga. Kanga zikapepea, na majirani wakatufahamu kuliko tulivyotaka.

Zaidi ya madirisha kulikuwa na foronya, mito ya makochi na shuka za watoto. Kupeleka vyote hivyo kwa fundi kusingewezekana. Nikaamua tununue cherehani yetu wenyewe, ya bei tunayoimudu. Mimi ni afisa mipango, kwa elimu na kwa ugonjwa, basi nikachora jedwali. Bei, uzito, umeme, vipuri. Lilikuwa na cherehani mbili: moja mpya ya miguu kutoka China, nyeusi, nzito, iliyokuwa ikiuzwa karibu na soko, nyingine ndogo ya umeme, mtumba wa Ulaya, nyeupe kama jino, yenye mishono kumi na miwili ya mapambo. Hiyo ya pili ilikuwa rahisi kidogo, na moyo wangu ulikwisha kwenda huko kabla sijamaliza kuchora mistari.

Ya tatu sikuiingiza kwenye jedwali. Hiyo ilikuwa kijijini kwao mume wangu, Busi, kwenye baraza ya duka, na baba mkwe wangu alikuwa ameikalia tangu mume wangu hajazaliwa. Chuma kitupu. Ilikuwa imeshona kanzu, magunia, mapazia ya milango na sare za shule za watoto wa vijiji kadhaa. Sasa macho ya mzee yalikuwa yamechoka, naye alitutumia salamu kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kondoa anaitaka, ataichukua baada ya mavuno.

"Si tuiombe?" nilimwambia mume wangu.

"Nitaiomba kwa uso gani?"

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua. Alipokuwa kidato cha nne, likizo moja, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya baba yake, anakunja upindo wa suruali. Wenzake wa shule wakapita, wakacheka. Akasimama mbele ya wateja na kusema, "Mimi sisomi ili nije kuinamia sindano." Mzee hakugomba. Alikichukua kile kigoda, akakiingiza ndani, akaendelea kushona. Tangu siku hiyo hakumwomba mwanawe amsaidie chochote pale barazani. Hata sasa, sisi tukienda Busi, alikuwa akimwita mwenye duka aje kumtungia uzi, na mwanawe amekaa palepale, mikono mapajani.

Basi nikarudi kwenye jedwali langu. Muuza mitumba alikuwa mtu wa imani.

"Chukua, mama, kakae nayo siku tatu," aliniambia. "Dukani kila cherehani ina tabia njema."

Nilidhani anatania. Pale dukani nilikuwa nimeijaribu kwa kipande chepesi alichonipa yeye mwenyewe, ikashona kama inaimba. Sikufikiria kubeba kitambaa changu. Jumamosi asubuhi nyumbani nilikunja kichwa cha pazia mara nne, nikaweka na ule utepe mgumu wa kupitishia vishikizo, nikakanyaga. Sindano ikavunjika. Nikabadilisha. Ikavunjika. Ya tatu iliruka ikanipita sikioni. Kabla ya ya nne umeme ukakatika, nikauona huo kuwa rehema za Mungu.

Mume wangu alikuwa barazani na gazeti.

"Umevunja ngapi, afisa mipango?"

"Moja."

"Mimi nimesikia tatu."

Umeme uliporudi aliingia ndani. Akafunga mlango, akavua saa, akaniondoa kwenye kiti kwa kiwiko.

"Unakivuta," alisema. "Kitambaa hakivutwi. Kinasindikizwa."

Na kweli alikisindikiza. Alipofika kwenye kunjo nene aliondoa mguu kwenye kikanyagio na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, kama mtu anayemvusha mgonjwa mtaro. Kila mwisho wa mstari alirudi nyuma mara tatu ndipo akakata uzi. Katika pembe za chini alishonea ndani sarafu ya senti ishirini, ile yenye picha ya mbuni, ambayo wakati ule ilikuwa hainunui hata pipi.

"Ya nini hiyo?"

"Upepo."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka tisa. Nilimjua akiwa na faili, akiwa na homa, akiwa na mashemeji zangu. Sikuwahi kuuona mgongo wake umeinama hivyo, umetulia, kama umefika kwao. Jumapili jioni madirisha yote manane yalikuwa yamevaa.

"Ukiulizwa," alisema akivaa saa yake, "umeshona wewe."

"Nani ataamini?"

"Una digrii."

Jumatatu tuliirudisha ile nyeupe. "Hii ni ya magauni," alisema mume wangu. "Mapazia na makochi yanataka chuma." Akagusa mishono yangu kumi na miwili ya mapambo kwenye jedwali, akacheka mpaka akakaa. Tukakubaliana mwisho wa mwezi tukanunue ya Kichina. Kuhusu ya Busi hakusema neno, na mavuno yalikuwa yameanza.

Kabla mwezi haujaisha, mzee akaja Dodoma kuangaliwa macho. Nilimkaribisha sebuleni, shikamoo, marahaba, za nyumbani, akaketi kwenye kochi la karibu na dirisha. Hakukaa dakika tano mkono wake ukaenda kwenye pazia.

"Mkwe, haya umeshona wewe?"

"Mimi, baba."

Akaupitisha upindo katikati ya vidole, taratibu. Alipofika mwisho wa mshono, vidole vikasimama.

"Kurudi nyuma mara tatu kakufundisha nani?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza chai yake kana kwamba ameandikiwa barua humo.

"Nimesoma kitabuni, baba."

"Kitabuni." Vidole vikashuka hadi pembeni, vikaikuta ile senti, vikaizungusha ndani ya kitambaa. "Na hii nayo imo?"

"Imo, baba."

"Kitabu kizuri hicho," alisema mzee. "Kitunze."

Nilijiona nimeshinda. Alipokwenda kuswali nilimnong'oneza mume wangu, "Usiwe na wasiwasi, baba haoni vizuri."

"Kwani umemwona akitumia macho?" akanijibu, na chai yake hakuimaliza.

Wiki mbili baada ya mzee kurudi Busi, niliitwa kwenye simu ya ofisini, iliyokuwa mezani kwa mkuu wa idara. Siku zile simu kutoka kwenu ilikuwa na habari ya aina moja. Nilikwenda mbio, kalamu bado mkononi. Alikuwa mzee, anapiga kutoka posta ya Kondoa, anapaza sauti kama vile waya haupo.

"Shikamoo, baba! Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna ubaya. Cherehani nimeipakia kwenye basi la leo. Nendeni stendi jioni."

"Baba! Na yule mfanyabiashara?"

"Nimemwambia ina mwenyewe."

Mkuu wa idara alikuwa ananitazama. Nikajikaza, nikatafuta adabu yangu yote. "Tunashukuru sana, baba. Ila mimi bado najifunza, sijui kama nitaiweza..."

"Si yako, mama." Alicheka, au laini ilikwaruza. "Ni ya kile kitabu chako. Kiambie kiitie mafuta kwanza, njiani kuna vumbi. Na kigoda chake nimekifunga humo humo."