Chungu cha Shaba cha Mama

Fundi wa Kichina aliyepanga chumba kwetu Katandala wakati barabara inajengwa alimwachia mama chungu cha shaba chenye miguu mitatu na masikio mawili. Ubavuni kilikuwa na uso wa mnyama asiye na taya la chini, umechorwa kwa nyuzi za fedha zilizopachikwa ndani ya shaba. Alitueleza kwamba si cha kale kabisa. Mafundi wa zamani kwao walikitengeneza kwa kuiga vya kale. Nilicheka: kumbe hata mababu wa watu walikuwa na feki zao. Alitusihi tusikisugue, tukifute kwa kitambaa kikavu tu.

Mama alikitilia mbegu ya ulezi, na kila mavuno alikibeba hadi altareni kikiwa na ulezi wa kwanza.

Alipopooza, niliacha cherehani yangu Mbeya nikarudi kumuuguza. Miaka minne nilimwogesha, nikamgeuza, nikamnywesha uji. Kaka yangu alikuja kila Jumapili kutoka Pito, akala, akausifu uji, akaondoka. Kila nilipokifuta kile chungu, mama alinitazama na kusema, "Hicho ni chako, mwanangu." Basi nilikifuta kwa raha zangu.

Tulipomzika, kaka alikiomba apelekee sadaka ya mavuno parokiani kwao. Nikampa, mjinga mimi. Mavuno yakapita, kimya, nikapanda bodaboda hadi Pito. Nilikikuta uani kinang'aa kama sufuria ya harusi. Wifi alikuwa amekisugua kwa majivu na mchanga, kama tunavyosugua vyombo vyote, na nyuzi za fedha zilikuwa zimeng'oka upande mzima. Damu ilinichemka. Nilimwambia kaka kwamba anaharibu mali ya watu.

Hakubishana. Alinipa kigoda, akanieleza kwamba mama alimpa chungu kile alipooa, kabla hajaugua, ila akataka kikae kwake mpaka afe.

"Alinikataza nisikwambie, mdogo wangu," alisema. "Aliogopa ukijua utarudi Mbeya."

Hasira yangu kwa kaka ilikwisha palepale, ikahamia kaburini. Miaka minne mama alikuwa akinihonga kwa chungu cha mtu mwingine, mimi mtoto wake, kana kwamba ni kibarua anayeweza kutoroka. Na ningebaki. Ningebaki bila kupewa hata kijiko, na yeye hakulijua hilo.