Matangi Mawili ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa aliyenilea alikuwa mtunza maji wa hospitali ya wazazi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mtoto aliyezaliwa pale akakosa maji ya kuogeshwa. Mwenyewe hakujisifu. Kazi ya kumsifu nimeichukua mimi.

Juu ya paa palikuwa na matangi mawili yanayolingana, yameunganishwa kwa bomba. Kila saa alipanda ngazi, akatumbukiza fimbo yenye alama za sentimita, akaandika kwenye daftari: 170, saa moja baadaye 158, kisha 146. Kwa hayo alijua mapema lini awashe pampu. Shule aliishia darasa la nne.

Mimi nilitaka uuguzi, lakini hisabati ilinigomea. Nilikuwa nimefeli mara mbili, na chuo kingenivumilia mara moja tu zaidi. Nikapanda paani na daftari langu, nikilia.

"Kitu gani kinakuliza hivyo, Mkia?" aliuliza. Mimi ni mzaliwa wa mwisho; jina likaniganda.

Nikamweleza: natafuta mteremko wa mstari, na mahali unapokata mhimili wa wima. Akacheka mpaka akashika ukingo wa tangi.

"Si haya haya? Nimeanza na mia na sabini, nashuka kumi na mbili kila saa. Kigumu kipi hapo?"

y = 170 − 12x. Nilijiona punguani. Nikamwonyesha swali lililoniangusha, 2y + 6x = 40, na jibu langu: y = 20 − 6x. Nilipomsomea nilivyolifanya, alinichapa kofi la bega kwa mkono uliolowa.

"Arobaini ni ya matangi mawili, sivyo? Na sita nayo ni ya mawili. Sasa unataka la moja, unagawa maji ya kuanzia, kasi ya kushuka unaiacha? Gawa vyote, mvivu we!"

y = 20 − 3x. Mteremko ni hasi tatu, mstari unaanzia ishirini. Walimu wanne walishanieleza hilo, likaingia sikio hili na kutokea lile.

Mtihani ulipoleta swali la namna ile, niliyaona matangi yake, nikagawa vyote.

Siku ya matokeo niliyanakili kwa kalamu kutoka ubaoni, nikapanda ngazi mbio.

"Subiri nipime kwanza," alisema. Akapima, akaandika, ndipo akaipokea karatasi kwa mikono inayochuruzika maji. Wino ukatapakaa. Nilianza kumkemea, nikaona analia.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kama muuguzi katika hospitali ile ile, naogesha watoto wachanga. Nikifungua bomba maji yakatoka, husema asante kwa sauti. Wenzangu wananiona nimepungukiwa kidogo. Waache. Mama mkubwa amestaafu, magoti hayataki tena ngazi, lakini kila jioni hunipigia simu na swali lake ni moja.

"Mkia, leo maji yalitosha?"

Yalitosha, mama. Yalitosha.