Gregory Maige na Taa ya Pikapu ya Mama Lusia

Msimu wa pamba wa mwaka 1984 ulikuwa mwema kuliko yote niliyopata kuiona upande wetu wa Shinyanga. Mashamba yaliyoizunguka misheni yalikuwa meupe hadi kwenye kingo za barabara, na maghala yalipojaa, Padre aliruhusu magunia yapangwe katika darasa la sita. Nilifundisha hesabu mwezi mzima mbele ya ukuta wa pamba, na watoto waliokaa nyuma walilala usingizi mzuri sana.

Mwaka huo Gregory Maige alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alikuwa amemaliza shule ya msingi na kuanza kujifunza ufundi katika gereji ya misheni, chini ya Fundi Luka. Siku moja bwana kilimo wa tarafa alileta gari lake litengenezwe breki. Luka alilitengeneza vizuri, kisha akatangaza kwamba analipeleka majaribio. Majaribio yenyewe yalikuwa magunia saba ya pamba yake mwenyewe, mashemeji wawili, na Gregory juu ya magunia akishikilia kamba. Walipofika katikati ya korongo la mchanga, ekseli ikakatika. Kabla hawajashuka wote, bwana kilimo akatokea kwa baiskeli. Alisimama, akawaamkia mmoja mmoja kwa utaratibu, kisha akauliza pamba ile ni ya nani.

Luka aliachishwa kazi. Gregory alisamehewa, lakini watoto wa shule walimtungia wimbo wa magunia saba na kuuimba kila alipopita, hadi mvua zikaanza. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mwalimu, gari la mtu likiletwa gereji ni mgonjwa. Mgonjwa habebeshwi mzigo." Nilimjibu kwamba amesema vema. Sikufikiri kwamba angelishika neno hilo kwa miaka arobaini.

Alilishika. Alipofungua gereji yake Kahama, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, watu walimwona akibeba gunia la mahindi begani huku magari sita ya wateja yamesimama uani kwake. Alipolijaribu gari, alikuwa peke yake ndani na nyuma patupu. Siku moja alimpita mkewe, Mageni, amesimama kando ya barabara na ndoo mbili za dagaa. Alimpungia mkono, akaendelea. Mageni hakumpikia chai kwa siku mbili, na wateja waliposikia habari ile wakaongezeka.

Jambo jingine walilomsifia ni usafi wa kazi. Waya za injini aliyoifunga Gregory zililala sambamba kama mistari ya daftari, zimekazwa kwa kamba za plastiki kila baada ya kiganja kimoja. Aliwaambia mafundi wenzake kwamba waya unaoning'inia ni aibu, sawa na shati lililotoka nje ya suruali.

Mwezi wa Julai mwaka jana, Melania, ambaye wote tunamwita Mama Lusia, alimletea pikapu iliyokuwa imekufa injini. Mama Lusia alikuwa ameuza mboga na mchele sokoni kwa miaka mingi, na mwaka huo alikuwa amepata nafasi ambayo wengi waliililia: kupeleka mchele, nyanya, vitunguu na kabichi katika jiko la mgodi mmoja, mbele ya Bugarama. Nafasi ilikuwa ya majaribio kwa miezi mitatu. Getini magari yalikaguliwa kila safari: matairi, mtungi wa kuzimia moto, na dashibodi. Gari lenye taa ya hitilafu haliingii, na linarudi na mzigo wake.

Gregory alinunua injini ya mtumba katika duka la Rushabh, ambaye baba yake na babu yake pia waliuza vipuri Kahama. Ilikuwa ya aina ile ile, ila ya toleo jipya zaidi, la miaka michache ya mbele. Aliifunga kwa siku tatu. Ikawaka kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo, na Mama Lusia akapiga kigelegele.

Baada ya wiki moja, dereva wake akarudi. Alikuwa kijana kutoka Tarime, jina lake Mwita, mwenye sauti ya kusikika upande wa pili wa soko.

"Shikamoo fundi. Taa imewaka."

"Marahaba. Taa gani?"

"Ya injini. Ile ya njano. Tumerudishwa getini na kabichi zetu."

Gregory alichungulia dashibodi. Hapakuwa na taa. "Mbona siioni?"

"Imezimika njiani tukirudi."

Gregory alichomeka chini ya usukani ile mashine ndogo inayosoma namba ya hitilafu, ambayo mafundi huiita kodi. Kodi ilikuwamo. Ilisema kwamba kwa kitambo kifupi kompyuta ya gari haikupata habari kutoka kwa sensa ya kamshafti, kile kifaa kidogo kinachopima mzunguko ndani ya injini. Alifungua sensa, akaisafisha, akairudisha, akaifuta kodi, kisha akaendesha hadi karibu na Isaka na kurudi, peke yake, nyuma patupu. Taa haikuwaka.

Baada ya siku nne Mwita alirudi. Gregory akabadilisha sensa. Akaenda Isaka, akarudi, kimya. Mwita akarudi tena. Gregory akabadilisha ile sensa mpya kwa nyingine mpya, akapima umeme wa kila waya, akasugua soketi kwa brashi ya meno, akazitikisa waya moja moja injini ikiunguruma. Kimya. Alikwenda Isaka mara nyingi hata wauza ndizi wa huko wakadhani ameoa mke wa pili.

"Fundi, taa imekuja tena," Mwita alisema kwa mara ya tano.

"Taa haiji. Wewe ndiye unayekuja."

"Sasa mimi nikija bila taa nitakuwa nafuata nini hapa? Uji wako?"

"Unaiendesha vipi hiyo gari? Nyie watu wa Tarime mnapiga gesi kama mnafukuza wezi wa ng'ombe."

"Na nyie Wasukuma mnaendesha kama ndio mnaowachunga. Gari lina mzigo, fundi! Panapo mwinuko nikanyage nini, breki?"

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo. Gregory hakuyasikia. Alisikia tu kwamba kijana anamjibu. Alikwenda dukani kwa Rushabh akiwa na sensa mbili mkononi, akaziweka juu ya kaunta.

"Injini uliyoniuzia ina ugonjwa."

Rushabh aliziangalia zile sensa, akamwangalia na yeye. "Kaa kwanza, fundi. Dimple, leta maji." Dimple ni mkewe. Maji yakaja. "Hii injini inakosa nguvu?"

"Hapana."

"Inakula oili?"

"Hapana."

"Inatoa moshi?"

"Hapana!"

"Basi mimi nimekuuzia injini. Mashaka sijakuuzia, hayo umekuja nayo."

Gregory aliondoka bila kunywa yale maji, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa alivyolelewa lilikuwa sawa na kutukana. Katika wiki zile hakuwa mtu tuliyemjua. Kanisani alitoka kabla ya matangazo. Alimkemea fundi mwenzake kwa kupiga mluzi. Mageni aliniambia kwamba akiwa mezani huacha kula, akanyoosha kidole na kufuata hewani njia ya waya usioonekana, kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta, akifika mwisho anaanza upya. Nilimwendea kumsalimu. Alinipa kigoda, akasema, "Mwalimu, kitu kibovu nakijua. Kitu kizima nakijua. Hiki kinachokuwa kibovu nikigeuza kisogo, hiki sikijui."

Gari lilikuwa limerudishwa getini mara mbili kwa maandishi. Mwishoni mwa Agosti Mama Lusia alipigiwa simu kutoka mgodini. Waliongea naye kwa adabu. Mzigo wa Alhamisi ukirudi, walisema, nafasi itakwenda kwa anayefuata katika orodha.

Alikwenda gereji Jumatano asubuhi.

"Mwangaluka, Baba Zipora," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita hivyo maana Zipora ndiye mtoto wa kwanza wa Gregory.

"Mwangaluka, Mama Lusia. Sijaipata."

"Najua. Kesho alfajiri tunapakia. Utakuja na mashine yako, ukae mbele na Mwita."

"Na mzigo nyuma?"

"Kwani nyanya zitatembea?"

"Mama Lusia, unajua kanuni yangu. Gari likiwa katika mikono yangu halibebi hata kuku."

"Kanuni yako naijua, hata kuku wanaijua!" Alikuwa amepandisha sauti, na vibarua wa mashine za mpunga wakageuka. "Umekwenda Isaka mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mtupu."

"Mtupu."

"Na Isaka pana mlima?"

Gregory aligeuka kuitazama pikapu.

"Mgonjwa wako haumwi akilala, Baba Zipora. Anaumwa akibeba. Wewe kila siku unamlaza kitandani, unamuuliza unaumwa wapi, anakwambia siumwi popote. Mimi kesho nikirudishwa, nimekwisha. Mzigo ni wangu, gari ni langu, aibu ya kuonekana juu ya magunia nitaibeba mimi. Panda."

Aliponisimulia baadaye, Gregory alisema kilichomchoma si kwamba alikemewa mbele ya watu. Kilichomchoma ni kwamba Mwita alikuwa amemwambia neno lile lile wiki mbili nyuma, na yeye akalifanyia mzaha.

Alhamisi walitoka Kahama jua likichomoza, na magunia kumi ya mchele, matenga ya nyanya na kabichi zilizopita usawa wa kibanda cha dereva. Mama Lusia alikaa kati, Gregory dirishani, mashine imechomekwa na kuwekwa mapajani kama sahani. Mgodini mzigo ulipokelewa hadi saa nne tu. Kwa mwendo mrefu hapakuwa na kitu. Mama Lusia alikuwa akisali kimyakimya. Midomo yake ilionekana ikitikisika. Kisha wakafika kwenye mwinuko mrefu kabla ya Bugarama. Mwita akashusha gia, akakanyaga, injini ikaguna, na taa ya njano ikawaka.

"Hiyo hapo!" Mwita alipiga usukani. "Umeiona? Au nimeileta mimi?"

"Simama," Gregory alisema.

Alifungua boneti. Akamwambia Mwita akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aachie klachi kidogo kidogo na kukanyaga mafuta. Injini ikajiinua upande mmoja, kama ng'ombe anayetaka kuinuka. Gregory aliweka vidole juu ya waya wa sensa. Kila injini ilipoinuka, waya ule ulikaza kama kamba ya ndama aliyefungwa kigingini akafika mwisho wake, na soketi ikavutika unene wa ukucha. Injini ilipotulia, waya ukalegea na soketi ikarudi mahali pake.

Injini ile ya miaka ya mbele ilikuwa na sensa iliyokaa mbali kidogo kuliko ile ya zamani. Waya ulifika. Ungefika bila taabu, laiti usingefungwa. Lakini Gregory alikuwa ameulaza sambamba na wenzake, akaukaza kwenye bodi kwa kamba ya plastiki, vizuri, safi, asiuachie hata nafasi ya kupumua.

Alitoa koleo mfukoni, akaikata kamba. Ilichukua muda wa kufumba na kufumbua.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama Lusia aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Wiki tano?"

"Wiki tano," Gregory alisema. Hakuna aliyecheka, hata Mwita. Gregory aliisukuma soketi hadi ikalia, akaifuta kodi, kisha akasema, "Turudi chini, tupande tena mara tatu."

"Mara tatu! Ni saa tatu na nusu, Baba Zipora!"

"Mara tano nimeshasema imepona."

Walibishana pale kando ya barabara, malori ya mgodi yakiwapita na kuwatia vumbi. Mwisho Mama Lusia alinyoosha kidole kimoja. Walishuka, wakageuza, wakapanda mara moja, Mwita akikanyaga kwa ukatili wote alioupata kwao Tarime. Taa haikuwaka. Gregory aliendelea kuitazama hata walipokuwa tambarare, kana kwamba inamficha kitu.

Kwa kuwa hakuwa na kibali cha kuingia, aliteremka karibu na geti, akakaa juu ya jiwe la barabara. Aliona mkaguzi akiinama dirishani. Aliona mkono ukionyesha saa. Zilikuwa zimebaki dakika saba. Kizuizi kikainuka, pikapu ikaingia, na kwa karibu saa mbili hakujua lolote zaidi. Ilipotoka, matenga yalikuwa yamepangwa matupu.

"Wabeja, Baba Zipora," Mama Lusia alimshukuru kupitia dirishani. "Jumatatu tena."

Gregory aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi, Mwita alimwomba aseme tu neno moja, kwamba dereva hakuwa mwongo. Gregory alilisema. Halafu akasema kwamba katika muda wa miaka miwili alikuwa amefunga injini za namna ile katika magari matatu mengine, na zote alizifunga vizuri vilevile.

Mawili kati ya hayo yalikuwa mjini, akayashughulikia Ijumaa. Jumamosi, tarehe 31 Agosti, alipanda basi la asubuhi kwenda Geita, kwa mwenye gari la tatu, ambaye hakuwa amelalamika wala hakujua kwamba anakuja. Alifungua boneti, akakata kamba moja ya plastiki, akaufunga waya upya ukiwa umelegea kiasi cha vidole vitatu, akarudi kwa basi la mchana.