Makala Yenye Ilikunywa Maji

Muzee wa labo ya Bukavu, fasi wanapima mambo ya gazi, alisema atakuja kwetu na bwato siku moja, achukue mwanafunzi mumoja tu, amufundishe kazi mwaka muzima bila kulipa. Nilikuwa nimemaliza sekondere, na kwetu hakukuwa njia ingine ya mimi kuendelea kusoma. Kwa hiyo nilitaka nimuonyeshe chupa ya kujaza makala, yenye kubeba gazi mingi kupita chupa yenye haina kitu ndani.

Mwalimu wetu wa shimi, ile kemia, alikuwa ametuelezea kwamba kwa inchi zingine wanafungia gazi ndani ya vituyo, vimirija vya kaboni, vyembamba kupita unywele. Sisi tuko na makala. Nayo iko na vitundu vyenye jicho haiwezi kuona, gazi inaingia mule inajipanga. Mwalimu akaniambia: "Lakini ikauke kabisa. Maji ikitangulia, gazi inakosa fasi. Ile asubuhi ya kuenda kwa muzee uipitishe tena kwenye moto mbele ya kufunga chupa."

Nilichoma makala ndani ya mukebe, juu ya mbabula, jiko yetu, mpaka ikawa nyekundu. Nikaiacha ipoe kwenye lupango, inje ya nyumba, nikaenda kwa jirani mufugaji kuchukua gazi yenye inatoka kwa mavi ya ngombe zake. Niliibeba ndani ya mupira ya tairi ya pikipiki, watoto wa mutaa wetu wa Mapendo wakinicheka kama nimebeba harufu.

Kwetu nyumba ni za mbao. Moja ikiwaka, avenue nzima inaisha. Hakuna mama anaweza kuacha makala ya moto bila kuimwangia maji.

Asubuhi niliishika, juu ilikuwa kavu. Niliona kuwasha mbabula tena ni kupoteza wakati. Nikaijaza ndani ya chupa, nikafunga, nikasukuma gazi na pompi.

Mbele ya muzee, niliwasha gazi ya chupa zote mbili. Moto ya chupa tupu ilikaa kidogo. Ya makala yangu ikazimika haraka kupita ile. Alitingisha chupa, akaangalia matone ndani.

"Mutoto wangu, makala yako ilikunywa maji."

Akaita mwenye kufuata.

Nyumbani nilimukalipia mama. Alikubali, aliimwangia maji kwa sababu aliogopa moto. Akafunga kitambaa kwa kichwa.

"Huyo papa naweza mukuta wapi? Nimuambie kosa ni yangu."

Nikamujibu bwato ya Bukavu ilisha toka. Ilikuwa kweli. Lakini yale mwalimu aliniambia, kuipitisha tena kwenye moto asubuhi, sikumuambia. Mpaka leo, mbele ya kuzima mbabula, ananiuliza kwanza: "Hii naweza zima?" Ninamujibu ndiyo, bila kumuangalia.